Uzi: Umehamia nchi ya watu na chakula cha huko kimekukataa? Tuanzie hapa

#1 Mwanalishe Mtulivu

Wakuu, habari za majukumu.

Maswali ya chakula cha ugenini hurudi kila mara kwa sentensi ileile: "chakula cha huku kimenikataa." Ndani ya sentensi hiyo kuna matatizo manne yasiyofanana: vijidudu ambavyo mwili haujawahi kukutana navyo, tumbo lisilomeng'enya kitu fulani, ulimi usiotaka, na jiko ambalo vitu vyake havipikiki kama ulivyozoea. Dawa ya moja haitibu jingine. Anayeharisha kwa sababu ya maji machafu hatapona kwa kuacha maziwa, na anayesumbuliwa na maziwa atameza dawa za minyoo mpaka achoke.

Kwa hiyo kabla ya kushtaki chakula chochote, tazama saa. Midomo kuwasha, vipele, kuvimba uso au kifua kubana ndani ya dakika chache hadi saa 2 ni dalili za mzio. Gesi, tumbo kunguruma na kuharisha kati ya nusu saa na saa 2 baada ya maziwa, mshukiwa ni laktosi, yaani sukari ya maziwa. Kutapika kwa ghafla ndani ya nusu saa hadi saa 6 hivi, mara nyingi ni sumu ambayo bakteria walishaitengeneza ndani ya chakula kabla hujakila. Kirusi kiitwacho norovirusi huchukua saa 12 hadi 48 mpaka dalili zianze. Bakteria wa salmonela, saa 6 hadi siku 6. Bakteria wa kampilobakta, siku 2 hadi 5.

Soma tena hizo namba za mwisho. Mlo uliokuharibu unaweza kuwa wa juzi, lakini anayesingiziwa siku zote ni mlo wa mwisho, na akiwa mgeni ndiyo kabisa.

Wiki 2 za mwanzo panga hivi: milo miwili ya siku iwe ya vitu unavyovijua, hata kama ni mchele na yai tu. Mlo wa tatu uwe nusu sahani ya unachokijua na nusu ya kigeni. Ongeza kiungo kipya kimoja, kaa nacho siku 2 au 3, ndipo uongeze kingine. Andika kwenye simu: nini, kiasi gani, saa ngapi, kilitokea nini na saa ngapi. Ukibadilisha vitu sita kwa siku moja, tumbo likivurugika huna pa kuanzia.

Tuendelee, maswali yaje.

#2 Mtaa wa Pili

Nimeweka kambi. Mkuu, sehemu nyingine kila kitu kina maziwa: mchuzi, supu, mikate. Mtu afanyeje, aache kabisa?

#3 Mwanalishe Mtulivu

Asiache kabla hajapima. Karibu theluthi mbili ya watu wazima duniani hupungukiwa uwezo wa kumeng'enya laktosi, lakini kupungukiwa si sawa na kutokuwa nao kabisa. Glasi ya mililita 250 ina takriban gramu 12 za laktosi, na wengi wenye upungufu huo huweza kunywa kiasi hicho kwa mara moja bila dalili, au kwa dalili ndogo, wakinywa pamoja na chakula. Kinachowaangusha ni kunywa tumbo likiwa tupu, au kujumlisha chai ya maziwa, supu ya krimu na aisikrimu ndani ya saa tatu.

Jinsi ya kupima: mililita 60 katikati ya mlo kwa siku 3. Kukiwa shwari, 120. Kisha 250. Pale dalili zinapoanza ndipo mpaka wako ulipo, kaa chini yake. Mtindi wenye bakteria hai huwa mwepesi zaidi kwa sababu bakteria wenyewe husaidia kuvunja laktosi. Jibini gumu lililokomaa miezi mingi limebaki na laktosi kidogo sana. Maziwa yaliyoandikwa kuwa hayana laktosi ni maziwa halisi ambayo sukari yake imeshavunjwa, ndiyo maana yana utamu zaidi.

Angalizo mbili. Mwenye mzio wa protini ya maziwa hayo maziwa hayamfai, protini bado imo. Halafu, baada ya kuharisha sana, utumbo unaweza kupoteza kimeng'enya kinachovunja laktosi kwa wiki kadhaa. Ukipima wakati huo utapata jibu la uongo na utajinyima maziwa bila sababu.

#4 Bin Sufuria

Naongezea upande wa gesi, maana wengi hudhani ni sumu.

Ukihama kutoka ulaji wa nafaka iliyokobolewa kwenda kwenye mikate mizito ya ngano nzima, kunde na mboga mbichi, nyuzinyuzi zinaweza kupanda mara mbili kwa wiki moja. Mtu mzima anahitaji angalau gramu 25 kwa siku, hakuna ubaya. Ubaya ni kasi. Panda kwa gramu 5 hivi kwa wiki: kipande kimoja au viwili vya mkate wa ngano nzima, wiki inayofuata robo kikombe cha kunde zilizopikwa. Na maji lazima yaongezeke, la sivyo nyuzinyuzi zilezile zinafunga choo badala ya kukifungua. Bakteria wa utumbo hubadilika haraka ulaji ukibadilika kabisa, utafiti uliotoka kwenye jarida la Nature mwaka 2014 uliona mabadiliko ndani ya siku chache, lakini kubadilika haraka hakumaanishi kwamba tumbo linatulia haraka.

Anayehama kinyume chake, kutoka mboga na kunde kwenda mkate mweupe na nyama, tatizo lake ni choo kigumu siku ya tatu au ya nne. Huyo hahitaji dawa ya kulainisha choo ya dukani kwanza. Arudishe kunde, matunda na maganda yake, na maji.

Mtego mwingine: bazoka na peremende "zisizo na sukari". Nyingi zina vitamu mbadala kama sorbitoli au ksilitoli. Ukitafuna nyingi kutwa utaharisha halafu utalaumu chakula cha mchana.

#5 Kaka Ndimu

Na pilipili? Kuna nchi ukiwaambia "kidogo" wanakucheka. Mimi nasema dawa yake ni maji ya baridi sana.

#6 Bin Sufuria

Kaka Ndimu, hapo hapana. Kapsaisini, kemikali inayoipa pilipili ukali, haiyeyuki kwenye maji, inayeyuka kwenye mafuta. Maji baridi hutuliza kwa sekunde wakati yamo mdomoni, ukimeza moto unarudi. Maziwa yanafanya kazi kwa sababu protini yake, kaseini, hushika kapsaisini na kuiondoa. Kama maziwa hayakufai, tumia kijiko cha sukari ulimini, au wali na mkate utafune polepole.

Moto huo si ladha. Kapsaisini inagusa kipokezi cha joto na maumivu kiitwacho TRPV1, kilekile kinachoshtuka ukiungua. Mwanasayansi David Julius alipata Nobel ya mwaka 2021 kwa ugunduzi huo, akigawana tuzo na Ardem Patapoutian aliyefanyia kazi upande wa mguso. Kipokezi hicho kikichokozwa mara kwa mara kinapunguza ukali wake, na hapo ndipo mazoea yanapotoka. Kidogo kila siku kinazoesha kuliko kingi Jumamosi.

Kwa anayepika mwenyewe:

Hatua ya kwanza, pilipili nzima isiyopasuka ndani ya mchuzi, itoe baada ya dakika 10. Ikipasuka umekwisha, kwa hiyo usiikoroge kwa mwiko. Ukizoea, ipasue katikati na ukwangue ule utando mweupe unaoshika mbegu. Watu hutoa mbegu tu wakaacha utando, ilhali kapsaisini nyingi imo kwenye utando, na mbegu ni kali kwa sababu zimeugusa. Baadaye acha robo ya utando, kisha nusu. Mikono ipake mafuta ya kupikia kwanza ndipo uoshe kwa sabuni, na usiguse jicho hata baada ya hapo.

#7 Kaka Ndimu

Sawa mkuu, nimekubali yaishe 😂

#8 Dada wa Harufu

Nizungumzie ulimi, ingawa kwa kweli ni pua. Sehemu kubwa ya kile tunachoita ladha ni harufu inayopanda kutoka nyuma ya mdomo. Ndiyo maana chakula kigeni kikiwa cha moto sana kinatisha zaidi: mvuke unabeba harufu yote kwa pamoja. Acha kipoe kidogo mpaka kiwe vuguvugu, ukali wa harufu unashuka.

Kiasi cha kuonja kiwe cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, mwanzoni mwa mlo wakati njaa ipo, kisha endelea na chakula chako. Usimeze kwa maji kama dawa. Vitu vilivyochachushwa vyenye harufu kali anza navyo vikiwa vimepikwa ndani ya kitu, kijiko cha chai kimoja kwenye sufuria ya watu wanne, kabla hujavila vikiwa vitupu. Mboga chungu ziweke chumvi kidogo, chumvi hupunguza uchungu kuliko sukari inavyofanya.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui. Kuanzia miaka ya 1950 mwanasaikolojia John Garcia alionyesha kwa panya kwamba ladha ikifuatwa na kichefuchefu, hata saa kadhaa baadaye, mnyama anaikataa ladha hiyo, mara nyingi kwa tukio moja tu. Binadamu tuko hivyohivyo, na ubongo huchagua kulaumu ladha ngeni kuliko iliyozoeleka. Ukila kitu kipya siku una mafua ya tumbo, au nusu saa kabla ya safari ya basi la kona nyingi, ukitapika kitu hicho umekipoteza kwa miezi, labda miaka, ingawa hakikuwa na kosa. Kwa hiyo siku ya kuumwa, siku ya safari, siku ya kuchoka kwa kubadilisha saa za dunia, kula unachokijua tu.

#9 Mtaa wa Pili

Hii ya #8 ni nondo. Vipi watoto? Mtoto anakataa kila kitu cha shuleni.

#10 Dada wa Harufu

Mtoto anaweza kuhitaji kuonja kitu kilekile mara 8 hadi 15 kabla ya kukikubali, na wazazi wengi hukata tamaa mara ya tatu au ya nne. Weka kipande kidogo mezani kando ya kitu kimoja anachokula siku zote, mwenyewe ukile mbele yake, usimhonge. "Ukimaliza hii nakupa keki" inamfundisha kwamba hii ni adhabu na keki ndiyo chakula. Kama orodha ya chakula cha shule inapatikana mapema, pika nyumbani mwishoni mwa wiki kile kitakachotolewa, asikutane nacho mara ya kwanza akiwa kati ya wageni.

#11 Fundi wa Jiko

Haya, twende jikoni. Hapa ndipo pesa na muda vinapopotea bure.

Mchele. Usiamini uwiano wako wa zamani wa maji. Aina za mchele hutofautiana kwa amilosi, aina mojawapo ya wanga: ya punje ndefu inayochambuka ina nyingi, ya punje fupi inayoshikana ina kidogo, na mchele mnata halisi karibu hauna kabisa. Ukikuta mchele usioujua, upike kama tambi. Osha mara 3 au 4 mpaka maji yapungue weupe. Chemsha lita 2 za maji yenye chumvi, mimina gramu 250 za mchele, koroga mara moja. Kuanzia dakika ya 9 toa punje moja, ibane kwa kucha. Ukiona nukta nyeupe ngumu katikati, bado. Nukta ikipotea, punje ikakatika bila kupondeka, chuja hapohapo, rudisha kwenye sufuria yenye moto bila maji, funika dakika 10. Njia hii haina uwiano wa kukosea, na baada ya mara mbili tatu unajua mchele huo unataka nini. Mchele mnata tu ndio hauingii hapa: huo unalowekwa saa 4 au zaidi na kupikwa kwa mvuke dakika 20 hadi 25.

Maharage yasiyoiva. Sababu huwa tatu: yamezeeka dukani, maji ni magumu, au uko mwinukoni. Kwenye mita 2,000 maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100, muda unarefuka sana, nunua sufuria ya presha. Maji magumu yana kalisi inayokaza ganda. Yaloweke usiku kwa chumvi gramu 15 kwa kila lita, suuza, kisha uyapike na robo kijiko cha chai cha magadi ya kuokea kwa nusu kilo. Ukizidisha yanakuwa rojo yenye ladha ya sabuni. Nyanya na ndimu ziingie mwisho, asidi nayo inakaza.

Na hapa sitanii: maharage mekundu makubwa yakiwa mabichi yana lektini, protini yenye sumu, iitwayo fitohemaglutinini. Punje 4 au 5 zisizoiva zinatosha kukutapisha. Loweka angalau saa 5, mwaga maji hayo, chemsha kwa nguvu angalau dakika 10, mamlaka nyingine zinasema 30, mimi nafuata 30. Ile sufuria ya umeme ya moto mdogo inayoachwa kutwa ndiyo mtego, kwa sababu haifiki kwenye mchemko na maharage yaliyopashwa nusunusu yanaweza kuwa na sumu zaidi kuliko mabichi. Chemsha kwanza kwenye jiko la kawaida ndipo uhamishie huko. Ya kopo yameshapikwa, hayana neno.

Unga. Tazama protini kwenye lebo. Asilimia 8 hadi 9 ni wa keki, 10 hadi 12 wa kazi zote, 12 na kuendelea ni wa mkate. Ukikanda kitu laini kwa unga wa 13 kinavutika kama mpira, na kosa si mkono wako.

#12 Mama Vipimo

Naunga mkono #11, na nasisitiza mizani ya gramu. Kikombe cha Marekani ni mililita 240 hivi, kwingine ni 250, Japani ni 200. Kijiko cha chakula ni mililita 15 sehemu nyingi lakini Australia ni 20. Mtu akipunguziwa robo ya chumvi au kuongezewa theluthi anasema mapishi ya huko ni mabaya. Oveni ya Farenhaiti: 350 ni karibu na Selsiasi 180, 400 ni karibu na 200. Yenye feni punguza nyuzi 20.

#13 Mwanalishe Mtulivu

Kabla sijasahau, wanaotumia dawa wasome hapa kwa makini.

Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda: mboga za majani ya kijani zina vitamini K, na vitamini K hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Hatakiwi kuziacha, anatakiwa kiasi kisiruke ghafla. Ukihamia mahali pa saladi kubwa kila mlo, mwambie daktari apime damu mapema. Balungi na juisi yake huongeza kiwango cha baadhi ya dawa mwilini, zikiwemo simvastatini ya kolesteroli na felodipini ya presha, na kutenganisha kwa saa chache hakusaidii sana kwa sababu athari yake kwenye utumbo hudumu zaidi ya siku. Anayetumia dawa za sonona za kundi la MAOI asiguse jibini lililokomaa, nyama zilizokaushwa kwa kuchachushwa wala mchuzi wa soya bila ushauri, kemikali ya tairamini iliyomo inaweza kupandisha presha kwa hatari. Wenye kisukari wanaotumia insulini wapime sukari saa 2 baada ya kila wanga mpya mpaka waujue, maana mkate mmoja wa mahali fulani ni sawa na miwili ya kwingine.

Chumvi: lebo nyingine huandika sodiamu, nyingine chumvi. Zidisha sodiamu kwa 2.5 upate chumvi. Kikomo cha WHO ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na gramu 2 za sodiamu. Ukiona zaidi ya gramu 1.5 za chumvi katika gramu 100 za chakula, hicho ni cha chumvi nyingi. Halafu tazama kama chumvi ya mezani imeongezwa madini joto (ayodini), si nchi zote zinaweka. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za ayodini kwa siku, mjamzito 250.

Mwenye mzio akumbuke kwamba sheria hutofautiana. Umoja wa Ulaya unalazimisha vizio 14 vionekane kwenye orodha ya viambato, Marekani ni 9, ufuta ukiwa wa mwisho kuongezwa tangu Januari 2023. Kizio kilichozoeleka kuandikwa kwenu kinaweza kisilazimishwe huko. Jifunze jina lake kwa maandishi ya huko, uliweke kwenye simu.

#14 Kaka Ndimu

Na likishaharibika tumbo? Maji ya chumvi na sukari vipimo vyake hasa?

#15 Mwanalishe Mtulivu

Pakiti ya ORS (chumvichumvi za kurudisha maji mwilini) ya duka la dawa ndiyo bora, ina potasiamu pia. Ikikosekana: lita 1 ya maji salama, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa sawa na ukingo, si vya mlima. Onja: kisizidi chumvi ya machozi. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto, sukari ikizidi inaongeza kuharisha. Kunywa taratibu, ukitapika subiri dakika 10 uanze tena kwa kijiko. Kilichobaki baada ya saa 24 mwaga. Soda na juisi hazichukui nafasi yake.

Maji ya kunywa mahali usipopaamini: yachemke kwa nguvu dakika 1, juu ya mita 2,000 dakika 3. Barafu ni maji yaleyale, kugandisha hakuui vijidudu.

Damu kwenye choo, homa ya juu, kuharisha zaidi ya siku 3, mkojo kukauka, mtoto kulegea: hospitali. Na usimeze loperamidi, dawa ya kuzuia kuharisha, ukiwa na damu au homa kali.

#16 Mtaa wa Pili

La mwisho mkuu wa jiko, mabaki ya wali. Wengine hulaza juu ya meza, asubuhi wanapasha.

#17 Fundi wa Jiko

Usithubutu. Mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus haziuawi na mchemko, wali ukikaa joto la chumba zinaota, na sumu yake ya kutapisha haivunjwi na kupasha. Utandaze kwenye sinia pana upoe upesi, uingie friji ndani ya saa 1, nyuzi 5 au chini, ule ndani ya siku moja, ukipashwa mara moja tu mpaka katikati ufuke mvuke.

Kuhusu kula samaki mbichi, swali nililoulizwa faragha: kwa minyoo, kugandisha kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7 kunatosha. Friza nyingi za nyumbani hazifiki hapo, weka kipimajoto ndani uone. Bakteria hawafi kwa kugandishwa, kwa hiyo aliyeoza akigandishwa anabaki kuwa aliyeoza.